Kulala Stamford, Lincolnshire: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Stamford ni mji mdogo wa mawe ulio kusini kabisa mwa jimbo la Lincolnshire, Uingereza. Una wakazi kama 20,000, mto mmoja, makanisa matano ya zama za kati, na gulio linalofanyika kila Ijumaa. Wageni wengi huupitia kwa saa mbili tatu wakiwa njiani kwenda Burghley House, jumba kubwa la kale nje kidogo ya mji, wakapiga picha, wakaondoka. Kwa maoni yangu wanajinyima. Huu ni mji uliojengwa na biashara ya kulaza wasafiri, na haueleweki vizuri mpaka ulale humo. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya ndugu na marafiki wanaouliza kabla ya kuja, wawe wanatokea Dar, Mombasa, Muscat au Leicester hapo jirani.

Hii Stamford ndiyo yenye uwanja wa Chelsea?

Hapana. Uwanja wa Stamford Bridge uko magharibi mwa London. Kuna kijiji kingine kiitwacho Stamford Bridge huko Yorkshire, palipopiganwa vita mwaka 1066, kuna Stamford Hill kaskazini mwa London, na kuna Stamford ya Connecticut, Marekani. Mitandao ya kukodi vyumba huzichanganya zote. Kabla ya kulipa hakikisha umeona neno Lincolnshire na msimbo wa posta unaoanza na PE9.

Kwa nini nilale, wakati naweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo?

Kwa sababu mji wenyewe ulikuwa kituo cha kulala. Upo kwenye Great North Road, barabara kuu ya kale kutoka London kwenda York na Edinburgh, umbali wa kilomita zinazokaribia 150 kutoka London. Enzi za magari ya farasi ya abiria, kati ya karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 19, magari 40 kwa siku yalisimama hapa: 20 ya kupanda kaskazini na 20 ya kushuka kusini. Farasi walibadilishwa, abiria walikula, waliochoka walilala. Ndiyo maana hata leo ukipita mtaani utaona milango mikubwa ya tao iliyo wazi kando ya nyumba, kwa kimo cha mtu aliyekaa juu ya gari. Huko ndani ndiko kulikokuwa na ua na mabanda ya farasi.

Kisha ikaja reli. Katikati ya karne ya 19 njia kuu ya treni za kaskazini ilipitishwa Peterborough, Stamford ikaachwa pembeni, na magari ya farasi yakatoweka. Hata ardhi ya kupanulia mji haikupatikana, maana mashamba ya pamoja yaliyouzunguka hayakugawanywa mpaka miaka ya 1870. Wenyeji wa wakati ule waliumia sana, lakini umaskini huo ndio uliookoa majengo: hapakuwa na fedha ya kuyabomoa. Mwaka 1967 sehemu ya kale ya Stamford ikawa ya kwanza Uingereza kutangazwa eneo la hifadhi ya majengo, na leo mji una majengo zaidi ya 600 yanayolindwa kisheria.

Mgeni wa mchana hulikosa jambo moja. Mawe ya hapa ni chokaa, kutoka machimbo ya Barnack na Ketton, na rangi yake hubadilika kadiri jua linavyoshuka: mchana yana rangi ya krimu, jioni yanaelekea asali. Inua macho uone mapaa. Yale mapande yenye kingo zisizo sawa, makubwa chini na madogo juu, yanatoka kijiji cha Collyweston, kilomita chache kutoka hapa. Mafundi walikuwa wakiyatoa ardhini vuli, wakayaacha nje na kuyamwagia maji, na barafu ya usiku wa baridi ikayapasua yenyewe kuwa bapa nyembamba. Ukiwa na chumba cha juu chenye dirisha linalotazama mapaa hayo asubuhi, utashukuru ulilala.

Nichague upande gani wa mji?

Mto Welland unaugawa mji sehemu mbili. Kusini ni St Martin's, mtaa mmoja mpana unaopanda kilima, ambako nyumba nyingi za kale za wasafiri ziko. Kaskazini ni katikati penyewe: High Street, Broad Street, Red Lion Square, Barn Hill. Kati yake kuna malisho ya wazi kando ya mto, ambako watoto hukimbia na watu hutembeza mbwa. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni dakika tano hadi kumi kwa miguu, ila ukivuka daraja kwenda kaskazini unakutana na mwinuko wa St Mary's Hill, ambao si mrefu lakini unasikika kwenye magoti.

Ushauri wangu: anayekuja mara ya kwanza akae St Martin's. Pako karibu na stesheni, karibu na geti la bustani ya Burghley, na usiku pametulia. Mwenye watoto au anayetaka kushuka ngazi na kuingia moja kwa moja gulioni akae kaskazini. Nyumba za pembezoni ni nafuu, lakini hakikisha una gari. Mabasi ya jioni ni adimu na ya Jumapili ndiyo kabisa.

Hoteli ya The George, hapo St Martin's, ina nini hasa cha kuifanya ghali hivyo?

Ina historia ambayo hoteli nyingi za Uingereza zinaitamani. Inasemekana mahali hapa palikuwa na nyumba ya kuwapokea mahujaji na wapiganaji waliokuwa wakienda Yerusalemu. Sehemu kuu ya jengo la sasa iliinuliwa mwaka 1597 na William Cecil, Lord Burghley, mweka hazina mkuu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, na nembo ya ukoo wake bado iko juu ya mlango. Mfalme Charles wa Kwanza alilala hapa.

Hutaikosa. Kibao chake kimewekwa juu ya boriti inayovuka barabara nzima kutoka upande huu hadi ule, na kila gari linaloingia mjini kutoka kusini hupita chini yake. Wanaoielezea boriti ile husema ilimkaribisha msafiri mwema na kumtisha mnyang'anyi, kwa kuwa imekaa kama mti wa kunyongea.

Ukiingia mlango mkuu, simama kwanza kabla ya kwenda mapokezi. Kulia na kushoto kuna vyumba viwili vilivyopambwa kwa mbao kuta nzima. Kimoja kimeandikwa London, cha pili York. Vilikuwa vyumba vya kungojea. Abiria wa kusini waliketi kimoja, wa kaskazini kingine, huku farasi wakibadilishwa uani. Mbao zimekuwa nyeusi kwa moshi na miaka, sakafu imelika pale miguu ilipopita zaidi. Huhitaji kuwa umelala hapo ili uvione. Kunywa chai tu kunatosha, na wahudumu wamezoea watu wanaoingia kutazama.

Je, inastahili bei? Kwa usiku mmoja wa sherehe, ndiyo, hasa chumba kinachotazama ua au bustani ya nyuma iitwayo Monastery Garden. Kwa siku nne tano na familia, hapana. Lala pengine, uje kula mlo mmoja uani wakati wa kiangazi.

Na kama George imejaa, au imenizidi uwezo?

St Martin's huo huo kuna The William Cecil na The Bull and Swan, nazo ni za kale na zina mwonekano wake. Kaskazini, karibu na kanisa la All Saints, kuna The Crown, ambayo ina faida ya kuwa hatua chache tu kutoka madukani. Hoteli ya aina hii huwa na baa chini na vyumba juu, kwa hiyo waulize chumba chako kiko juu ya nini. Chumba kilicho juu ya baa siku ya Jumamosi usiku hakifai kwa mtoto mchanga.

Kuna nyumba ndogo za wageni ambako mwenye nyumba anaishi humo humo na anakupikia asubuhi. Kuna nyumba nzima za kukodi kwa siku, nyingi zikiwa vijumba vya mawe vyenye mlango wa barabarani; ufunguo huachwa kwenye kisanduku ukutani na unatumiwa namba za kukifungulia. Kwa familia ya watu watano au sita hii ndiyo njia ya busara kuliko zote, maana kuna jiko, na mnaweza kununua samaki na mboga gulioni mkapika mnavyopenda.

Bajeti ikibana kabisa, lala Peterborough. Kuna hoteli za kampuni kubwa zenye vyumba vinavyofanana kila mahali, bei yake ni ya chini, na treni ya kuja Stamford huchukua kama robo saa. Utakosa jioni, lakini asubuhi utaipata.

Bei ni ya mtu au ya chumba? Kodi imo?

Mara nyingi ni ya chumba kwa usiku mmoja, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 tayari imo ndani ya bei unayoonyeshwa. Cha kuuliza ni kama kifungua kinywa kimo. Hoteli nyingi zina bei mbili, na tofauti yake kwa watu wawili inaweza kukushtua. Bahashishi si lazima.

Mama yangu anaumwa magoti. Ataweza?

Ataweza, lakini panga mapema. Majengo haya yalijengwa kabla lifti haijafikiriwa, na sheria ya hifadhi inafanya iwe vigumu kuziweka. Ngazi ni nyembamba, zimejipinda, na kila kidato kina kimo chake. Mara nyingine unapanda vidato vitatu, unatembea ukumbini, kisha unashuka viwili, kwa sababu nyumba mbili ziliunganishwa kuwa hoteli moja. Omba chumba cha chini, na uulize waziwazi kuna vidato vingapi kutoka barabarani hadi kitandani, na kama bafu ni la kusimama au la beseni la kuruka ukingo.

Jambo hili lina kumbukumbu yake hapa mjini. Mwaka 1809 alifika Daniel Lambert wa Leicester, aliyewahi kuwa msimamizi wa gereza na aliyejulikana nchi nzima kwa uzito wake wa kilo 335. Alipanga vyumba vya chini katika nyumba ya wageni ya Waggon and Horses, St Martin's, kwa kuwa hakuweza tena kupanda ngazi. Alifariki humo tarehe 21 Juni. Ilibidi dirisha na ukuta vibomolewe ili jeneza, lililofungwa magurudumu, liweze kutoka, na wanaume 20 walilishusha kaburini kwa karibu nusu saa. Watu wa Stamford wanamtaja kwa heshima mpaka leo: picha yake imetundikwa The George na kaburi lake liko nyuma ya kanisa la St Martin. Ukipita na mzazi wako, ni mahali pa kusimama kidogo.

Jueni pia kwamba mitaa kama Barn Hill ina mawe ya mviringo. Kiti cha magurudumu kinapita, kwa kutikisika.

Kifungua kinywa kina nini? Mimi ni Mwislamu.

Sahani ya asubuhi ya Kiingereza imejaa nguruwe. Ile nyama nyembamba ya mikunjo ni nguruwe. Soseji za jimbo la Lincolnshire zinasifika nchi nzima, nazo ni za nguruwe. Kile kipande cheusi cha duara kimetengenezwa kwa damu. Usione haya kusema, wapishi wameshazoea. Omba mayai, maharage, uyoga, nyanya ya kukaanga na mkate, au uji wa shayiri, au samaki wa kukaushwa kwa moshi kama wanaye. Sema pia mayai yakaangwe kwenye kikaango safi, kwa sababu bila kuambiwa mpishi atatumia kile kile. Katika nyumba ndogo za wageni liseme jambo hili unapoweka nafasi, si asubuhi ukiwa mezani, maana mwenye nyumba ananunua vitu vya idadi ya wageni alionao.

Kwa chakula cha halali cha uhakika na msikiti mkubwa, nenda Peterborough, eneo la Gladstone Street. Na ukitaka kusikia Kiswahili, panda treni ya Leicester, dakika 40 hivi. Wahindi waliotoka Uganda mwaka 1972, pamoja na wale wa Kenya na Tanzania, walihamia kwa wingi mji huo, na hadi leo mzee wa duka anaweza kukujibu "karibu" bila kufikiri.

Kuhusu sala: mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Isha inachelewa mno, na Alfajiri inakuja ukiwa hujashiba usingizi. Omba chumba chenye mapazia mazito.

Gulio likoje, na linapiga kelele?

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Broad Street na mitaa inayoungana nayo hufungiwa magari, meza zikapangwa: samaki, jibini, mboga, mayai, mikate, maua ya kupanda, vitambaa, viatu, vitanda vya mbwa. Muuza samaki anakata mbele yako, anaosha kisu, anaita mteja anayefuata kwa jina. Wazee wa vijijini huja na vikapu vyao na hawana haraka. Huwa napenda kuwahi mapema, kabla ya wageni, wakati wenyeji wanaulizana habari za wagonjwa na mavuno.

Kelele ipo, ya vyuma vya vibanda vinavyoshushwa kwenye lori kabla hakujakucha. Chumba kinachotazama Broad Street usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa kitakuamsha. Mimi nakiona kama sehemu ya ziara, lakini mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha nyuma. Kengele za makanisa pia husikika, hasa Jumapili.

Kuna wakati gani vyumba havipatikani kabisa?

Mwanzoni mwa Septemba. Mashindano ya farasi ya Burghley yamekuwa yakifanyika tangu 1961 na huleta waendeshaji na watazamaji kutoka dunia nzima. Kila kitanda ndani ya kilomita nyingi huwa kimechukuliwa, vingine mwaka mzima kabla. Kama hupendi farasi, usije wiki hiyo. Kama unapenda, weka nafasi mapema mno, au ulale Leicester.

Wiki nyingine ya kuangalia ni ya maonyesho ya michezo ya Kwaresima, inayoanza Jumatatu baada ya Siku ya Mama ya Waingereza, ambayo kwao huangukia Jumapili ya nne ya Kwaresima na si Mei. Bembea na magurudumu makubwa hujengwa katikati ya mitaa ya kale, taa na muziki mpaka usiku. Watoto watafurahi kupita kiasi. Aliyekuja kupumzika atateseka.

Kiangazi kuna tamthilia za Shakespeare kwenye bustani za Tolethorpe Hall, nje kidogo ya mji. Waigizaji huwa chini ya miti, watazamaji chini ya paa. Kikundi hicho kilianza kuigiza kwenye bustani ya The George kabla ya kuhamia huko mwaka 1977. Siku hizo vyumba vipo, ila wahi.

Naweza kulala kwenye jengo la zama za kati kabisa?

Ukuta wa zama hizo unaweza kuupata, hasa chini: nyumba kadhaa zina vyumba vya chini ya ardhi vyenye dari za tao vilivyojengwa karne ya 13, huku sura ya mbele ikiwa ya karne ya 18. Lakini jengo zuri kuliko yote ya aina hiyo halilazi wageni. Ni Browne's Hospital, Broad Street, lililojengwa miaka ya 1470 kwa fedha za William Browne, mfanyabiashara wa sufu, ili maskini kumi wa kiume na wanawake wawili wa kuwahudumia wapate pa kuishi. Zaidi ya miaka 500 baadaye bado linatunza wazee. Kila ninapopita pale na kuona mapazia ya mtu dirishani hufikiri juu ya tajiri aliyejua mapema fedha zake zifanye nini. Hufunguliwa kwa wageni siku maalumu. Kanisa lake dogo lina vioo vya rangi vya enzi zile zile. Siku nyingine itazame kutoka nje, na kumbuka kwamba ni nyumbani kwa watu.

Baridi ikoje ndani ya nyumba hizi?

Kuta nene za mawe hushika baridi na hushika joto. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na vyuma vya joto ukutani huwashwa kwa saa maalumu, si usiku kucha, kwa hiyo omba blanketi la ziada mapema. Vyumba vya chini ya paa hugeuka tanuri siku chache za Julai, na viyoyozi havipo karibu popote. Bafu za zamani zina mabomba mawili kwenye sinki, moja la maji ya moto sana na jingine la baridi sana. Changanya kwenye beseni kwanza kabla ya kumnawisha mtoto. Birika la umeme, majani ya chai na maziwa utavikuta chumbani. Soketi ni zile zile za pini tatu tunazotumia Kenya na Tanzania, kwa hiyo chaja yako ya nyumbani itaingia.

Nifikeje, na gari niliweke wapi?

Kutoka London panda treni King's Cross hadi Peterborough, chini ya saa moja, kisha badilisha treni ya Leicester na Birmingham. Stamford ni kama robo saa. Ukishukia uwanja wa ndege wa Stansted, kuna treni inayokuja moja kwa moja kupitia Cambridge. Ukishukia Heathrow, treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly inakufikisha King's Cross bila kubadilisha. Angalia saa ya treni ya mwisho kutoka Peterborough kabla hujanunua tiketi ya ndege inayotua jioni. Stesheni ya Stamford ya mwaka 1848 ni ya mawe, na hata yenyewe inastahili picha.

Mwenye gari atateseka katikati. Mitaa ni myembamba, na hoteli chache ndizo zenye maegesho yake. Tumia Bath Row au Wharf Road kando ya mto, au Cattle Market karibu na stesheni, ambayo mara nyingi ndiyo yenye nafasi. Soma kibao cha muda wa kuegesha, maana vituo vya muda mfupi na vya muda mrefu vina bei tofauti na faini zao hazisameheki.

Ninaomba viza. Nilipie chumba kwanza?

Wenye pasi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya mgeni. Raia wa Oman, nchi nyingi za Ulaya, Marekani na Kanada huomba idhini ya kielektroniki badala yake. Chukua chumba chenye masharti ya kughairi bila kutozwa, na usilipe kile kisichorudishwa mpaka pasi yako iwe mkononi na jibu la viza limekuja. Bei ya kughairi bure huwa juu kidogo, lakini nimeona familia zikipoteza fedha nyingi kwa kutaka kuokoa kidogo.

Ukifika, utaulizwa jina na uraia. Ni sheria ya mwaka 1972 kwa kila mgeni aliyetimiza miaka 16. Raia wa Kenya, Tanzania au Uganda, kama watu wa Jumuiya ya Madola, sheria haiwadai zaidi. Wa Kongo, Burundi au Oman hutakiwa pia namba ya pasi na mahali wanapoelekea baadaye. Mapokezi mengi humwomba kila mtu pasi bila kubagua, basi uwe nayo karibu.

Tuna watoto. Kuna pa kupiga hema?

Tallington Lakes, mashariki ya mji, na kandokando ya Rutland Water upande wa magharibi. Rutland Water ni ziwa lililotengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya maji ya kunywa, lina njia ya baiskeli kulizunguka, na kanisa la Normanton limesimama ukingoni kana kwamba linaelea. Kuanzia Machi hadi Septemba kuna furukombe wavua samaki wanaokaa Afrika Magharibi msimu wa baridi na kurudi hapa kutaga; watoto wetu huwatazama kwa darubini kwa muda mrefu kuliko simu.

Usiku mmoja unatosha?

Kwangu mimi, miwili, na siku zenyewe zina maana. Fika Alhamisi alasiri, tembea mto na malisho wakati jua linashuka, kula The George au popote palipo na nafasi. Ijumaa amkia gulioni, kisha uzunguke makanisa na Barn Hill mji ukiwa umechangamka. Jumamosi asubuhi acha mizigo mapokezi, maana chumba hutakiwa saa nne au saa tano, na utembee hadi Burghley, dakika 20 hivi kutoka St Martin's. William Cecil alilijenga jumba hilo kati ya 1555 na 1587, na bustani yake kubwa ya kulungu inaweza kuzungukwa bila tiketi hata jumba likiwa limefungwa msimu wa baridi. Chukua viatu vinavyostahimili umande.